Salamu Zilizokwama kwenye Tovuti

Nimewahi kuondolewa kwenye kwaya, kwenye kamati ya maji ya plot yetu hapa Kitengela, na mara moja kwenye meza ya maharusi ambako nilikuwa nimeketi bila kualikwa. Kote huko nilijua kosa langu na nilitoka kwa miguu yangu. Lakini mwaka juzi nilifukuzwa na tovuti, na hilo sijalisamehe mpaka leo. Ilinifukuza kabla sijasema neno, ikaandika kwenye kioo cha kompyuta kwamba haina hakika kama mimi ni binadamu. Nyuma ya mlango ule kulikuwa na sauti ya baba yangu, na zilikuwa zimebaki wiki chache mlango ufungwe kabisa.

Baba alikuwa mchonga mawe kwenye machimbo ya Kitengela, na akitoka kazini alikuwa msalimiaji. Vijana wa siku hizi nikiwatajia neno hilo hunitazama kana kwamba nimesema tulipika kwa mavi ya ngamia. Msalimiaji alikuwa mtu wa kutuma salamu redioni. Hakuhitaji habari wala sikukuu. Alituma tu, kila Jumamosi alasiri, kwenye stesheni ndogo ya Kajiado ambayo siku njema mawimbi yake yalifika kwetu bila mikwaruzo na siku mbaya yaliishia Isinya. Mwanzoni aliandika kadi. Simu za mkononi zilipoingia akaacha kadi, akawa anaazima simu ya msimamizi wa machimbo na kupiga.

Salamu zake zilikuwa na njia yake, na haikubadilika. Alianza na wachonga mawe wenzake, ambao dakika ileile walikuwa wameketi kando yake wakimsikiliza akiwasalimia. Kisha alimsalimia mwenye hoteli wa Kona Baridi, halafu dereva mmoja wa lori la Namanga, halafu shemeji zake wote wa Murang'a kwa mpangilio wa umri. Mwisho alisema, "na wote wa nyumbani." Sisi wote wa nyumbani tulikuwa jikoni, redio juu ya debe la unga, tumenyamaza mpaka mbwa naye akanyamaza. Nje ilikuwa mbuga tupu. Nyumbu walikuwa wakipita nyuma ya machimbo kama watu wanaokwenda mazishini, na hakuna aliyesimama kuwaangalia. Natamani jikoni hiyo kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulipia kodi.

Mama alikuwa ndani ya hao "wote wa nyumbani" pamoja na mbwa. Wanaume wa rika la Baba hawakumtaja mke redioni. Waliona ni kama kuanika nguo za ndani barabarani. Mama alilielewa hilo, lakini kulielewa si kulipenda. Kwa maelezo ya Baba, alimtaja mara moja tu, siku aliyojifungua kitinda mimba wetu kwenye hospitali ya Kajiado. Siku hiyo Baba alifika wodini amechelewa vibaya, saa ya kuona wagonjwa imekwisha, na kisingizio chake kilikuwa kwamba alikuwa kwenye laini ya simu akisubiri zamu yake amsalimie mkewe hewani. Wodini hakukuwa na redio, na sisi watoto tulikuwa tumepelekwa kwa jirani asiye nayo. Majirani zetu nao, kila mtu alikuwa na sababu yake ya kutosikiliza siku hiyo.

Mama hakuamini. Alijua wachonga mawe wanakwenda wapi Jumamosi wakishalipwa. Kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa mzaha wao, Baba akisema kitu chochote cha ajabu, kwamba ng'ombe wa jirani amezaa mapacha, Mama alimjibu, "Na hiyo pia ulisemea redio?" Sote tulicheka, Baba akicheka kuliko sisi. Kisha Baba akafariki, na mzaha ukabaki na mtu mmoja. Mama alihamia Matasia, kwenye shamba dogo walilonunua wakiwa wazima wote wawili, na kuna siku aliniuliza akikata sukumawiki, bila kuinua macho, "Wewe unafikiri alinisalimia kweli?" Nilimjibu ndiyo upesi mno. Aliona kwamba sijui.

Ndiyo maana nilipogundua kwamba stesheni ile iliwahi kuweka kanda zake za zamani mtandaoni, nilisimama katikati ya chumba nikapiga makofi peke yangu. Kulikuwa na ukurasa mzima wa vipindi vya salamu, na juu yake tangazo fupi kwamba ukurasa utaondolewa mwisho wa mwezi. Nilipiga namba yao, haipatikani. Nilikwenda Kajiado mjini mwenyewe, nikakuta ofisi yao imekuwa duka la dawa za mifugo. Muuzaji alinikaribisha vizuri, akanieleza kuhusu kupe.

Ubaya ni kwamba kanda hazikuwa na tarehe. Zilikuwa mamia, kila moja na namba tu, na kila moja karibu saa nzima. Nilimpigia Mama nikamweleza.

"Si ufungue moja moja tu?" alisema.

"Mama, hiyo ni kazi ya punda. Nitaandika programu izivute zote, nikishakuwa nazo nitatulia."

"Haya. Wewe ndio msomi."

Mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Naandika programu nikiwa chumbani kwangu Kitengela, kwa ajili ya watu ambao sijawahi kuwaona nyuso. Kuandika nyingine ya kupakua kanda kulinichukua muda wa chai kuchemka. Nikaifundisha ijitambulishe kama brauza ya kawaida, ileile inayotumiwa na nusu ya dunia, kwa sababu tovuti nyingi huuliza mgeni jina na kuridhika. Nikaituma. Ikarudi mikono mitupu na ule ujumbe wa kutilia shaka ubinadamu wangu.

Ilinibidi nisome mpaka nielewe kilichonipata. Kabla tovuti haijakuonyesha hata herufi moja, brauza yako huipelekea salamu. Ndani ya salamu hiyo inaeleza njia inazojua za kufunga mazungumzo yenu ili wengine wasisikilize: kwanza hii, halafu ile, halafu ile nyingine. Kila brauza ina mpangilio wake, na haiufikirii, ni mazoea tu. Tovuti za siku hizi huajiri mlinzi anayekaa langoni akisikiliza mpangilio huo. Programu yangu ilitaja jina la brauza ya kawaida, lakini ilisalimia kwa mpangilio wa kwao. Mlinzi hakuhitaji kusikia zaidi.

Nilisoma hayo nikaanza kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshakamatwa hivyohivyo utotoni. Nyuma ya machimbo kulikuwa na boma la Wamaasai, na mwenye boma alikuwa bibi mmoja tuliyemwita Koko, kama wajukuu wake walivyomwita. Jioni ng'ombe wakishakamuliwa, wajukuu walipanga foleni langoni kila mmoja akapata kikombe cha maziwa. Mjukuu mmoja alikuwa rafiki yangu darasani, naye alinitania kwamba siwezi kuingia foleni hiyo. Akanivisha shanga zake na shuka la dada yake. Akanifundisha kwamba Koko akinisalimia "Takwenya," nijibu "Iko." Nilirudia neno hilo moja njia nzima mpaka likawa laini mdomoni.

Koko macho yake yalikuwa yamefifia. Zamu yangu ilipofika nilisimama mbele yake na shanga zangu, nimejaa neno langu, na nikamnyooshea mkono. Nyumbani kwetu, mtoto mwenye adabu humpa mkubwa mkono. Tulifundishwa kanisani na tulifundishwa kwa kofi. Watoto wa boma lile hawatoi mkono. Huinamisha kichwa, mkubwa akakigusa, ndipo maneno yafuate. Koko aliutazama mkono wangu ukining'inia pale hewani, akaushika kwa mikono yake miwili, akacheka mpaka shanga za masikioni zikalia.

"Huyu ni wa kwa watu wa mawe," alisema kwa Kiswahili, ili nielewe.

Alinipa maziwa hata hivyo. Hapo ndipo Koko na yule mlinzi wa tovuti walipotofautiana. Yeye alinijua mimi ni nani na bado akanijazia kikombe.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nina hasira za Mama. Niliifundisha programu kuiga salamu ya brauza neno kwa neno, mpangilio kwa mpangilio, na kweli ikapita langoni. Nikairuhusu ikimbie. Ilipakua kanda chache kwa kasi ambayo hakuna kidole cha binadamu kingeweza, na mlinzi akagundua tena, safari hii kwa mwendo. Hakuifunga programu pekee. Alifunga laini yote.

Sasa, plot yetu ina nyumba nyingi na laini moja ya intaneti. Mwenye plot aliivuta ili atuvutie wapangaji, akaigawa kila ghorofa kwa waya uliopita juu ya kamba za nguo. Kwa hiyo huko nje, sisi sote tunaonekana ni mtu mmoja. Na stesheni ile, ingawa kipindi cha salamu kilikufa zamani, bado ilikuwa na maombi ya asubuhi, ya mtandaoni tu, kwenye tovuti hiyohiyo. Nilikuwa sijui hilo. Nililijua mlango ulipogongwa na jirani yangu wa chini, mama mmoja wa kutoka Makueni anayeuza mitumba, amenyoosha simu yake mbele kama inayonuka.

"Mami, hebu angalia. Redio inaniuliza kama mimi ni mtu. Nikasema ndio. Ikaniambia nichague picha ziko na pikipiki. Nimechagua pikipiki zote, hadi ile imekatwa nusu, na bado inanikataa. Sasa inataka nini, nitoe kitambulisho?"

Nyuma yake alikuwepo mlinzi wa plot, kijana mkubwa asiyependa kuzungusha maneno.

"Wasee wa huku wanasema ni wewe umechoma net," alisema, yaani nimewaharibia wote intaneti.

Niliomba radhi. Mama wa Makueni alinisamehe, ila aliniambia ataniombea, na kwa namna alivyolisema nilijua maombi hayo hayatakuwa laini. Mwezi nao ulikuwa unakwisha. Nilikuwa na kompyuta mbili, digrii moja na hasira nyingi, na vyote hivyo havikunifikisha popote. Niliogopa. Niliogopa kwamba tarehe ingefika, ukurasa uondoke, na Mama angebaki na swali lile maisha yake yote kwa sababu binti yake aliona uvivu kufungua kanda moja moja.

Nikaenda Matasia. Boda ilinishusha getini, nikamkuta Mama kwenye kiti uani, simu yake imeegemezwa kwenye kikombe. Kutoka ndani ya simu mtangazaji wa zamani alikuwa anatangaza sabuni ambayo haitengenezwi tena.

"Mama, umeipataje hiyo?"

"Nimefungua. Si nilikuambia ufungue moja moja? Hii ni ya ngapi sijui. Nilianza siku ile uliniambia."

Sikujua nicheke au nilie. Ile simu ya kawaida, brauza ya kawaida, bando aliyonunua kwa duka la kona, na kidole gumba kinachosita kabla ya kugusa: hakuna kitu hapo cha kumtia mlinzi shaka. Mara moja tu, nikiwa naye, tovuti ilimletea kisanduku na swali kama yeye ni binadamu. "Mimi nimezaa watano," Mama aliiambia, akakigusa, na mlango ukafunguka.

Nilikaa. Nilikaa siku zote zilizobaki, kazi zangu nikazitelekeza. Asubuhi tulisikiliza tukichambua maharagwe, alasiri tukihamisha viti kufuata kivuli cha nyumba. Sikutegemea kwamba nitafurahi kiasi kile. Watu wa zamani walitoka kwenye simu ile mmoja mmoja. Alitoka mama aliyeuza mandazi kwenye geti la shule yetu, akisalimia wateja. Alitoka mwalimu mkuu niliyedhani hana moyo, akimsalimia mama yake mzazi kwa sauti inayotetemeka. Mwenye hoteli wa Kona Baridi alisalimia wote waliomsalimia wiki iliyopita, akawataja bila kumruka hata mmoja, na mtangazaji akamwacha amalize. Hakuna aliyekuwa na haraka. Nilisikia wivu, wivu wa kweli, kwa watu waliokuwa na alasiri nzima ya kutajana.

Baba naye alitoka, si mara moja. Mara ya kwanza nilishika mdomo. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa na kikohozi kidogo kabla ya kutaja jina la mkubwa.

"Hapo alikuwa na homa," Mama alisema, bila kuacha maharagwe. "Sikia pua."

Kila alipotoka tulisikiliza mpaka mwisho. Wachonga mawe, Kona Baridi, dereva wa Namanga, shemeji wa Murang'a. Na wote wa nyumbani. Kila alipofika kwa wote wa nyumbani Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa hesabu anayoijua, na akafungua kanda inayofuata. Nilianza kuchukia neno hilo. Nilianza pia kumkasirikia Baba, na kumkasirikia marehemu ni kazi, kwa sababu hana namna ya kukujibu.

Siku ya mwisho kabla ya ukurasa kuondolewa tulikuwa bado na kanda nyingi ambazo hatujazigusa. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwambia, kwamba kutokuwepo kwa kanda si ushahidi wa chochote, maneno ya kisomi yasiyomfaa mtu. Mama akafungua moja, na mtangazaji akaanza kwa kuomba radhi: mvua ilikuwa inapiga mabati ya studio, watu wasidhani redio zao zimeharibika.

Mama aliinua mkono ninyamaze, na mimi nilikuwa sijasema kitu.

"Siku ile kulinyesha," alisema.

Tulisikiliza saa karibu nzima. Maharagwe hayakuguswa. Watu wakasalimia, mvua ikapiga, matangazo yakapita. Mwishoni mtangazaji alisema kuna msikilizaji wa Kitengela ambaye amekuwa akipiga na kukatikiwa tangu kipindi kianze, na sasa amepatikana. Kikohozi kile kidogo kikasikika. Baba hakuanza na wachonga mawe.

"Leo niko na mmoja tu," alisema. Akalitaja jina la Mama, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo sijawahi kumsikia Baba akilitamka maisha yangu yote. "Ni mke wangu. Yuko hospitali hapo Kajiado, amepata mtoto msichana. Hana redio."

Mtangazaji alicheka. "Sasa kama hana redio, atasikiaje?"

"Nitaenda kumwambia."

"Basi haya, atafurahi."

"Hapana," Baba alisema. "Hataamini. Lakini nimesema."

Laini ikakatika, mtangazaji akafunga kipindi, na wimbo wa kufungia ukacheza mpaka ukaisha. Nilikuwa nalia waziwazi. Mama alikuwa mkavu. Aliigeuza simu ikalala kifudifudi juu ya mapaja yake, akaifunika kwa mikono yote miwili.

"Alikuja amelowa chepechepe," alisema. "Akaniletea uji kwa chupa, amefunga na sweta yake usipoe. Nikamwambia siutaki, apeleke kwa hao alikuwa nao. Akaunywa yeye, amesimama hapo kando ya kitanda, akiniangalia."